Jinsi Madikteta Walivyoleta Vita vya Dunia

Mazungumzo kwa wakazi wa Buruburu, Nairobi



Mtu atokaye Buruburu kwenda mjini kwa njia ya Jogoo Road hupita penye kumbukumbu ya vita, ijapokuwa huenda asiitambue. Karibu na Uwanja wa City liko soko liitwalo Burma, na Burma ni jina la nchi iliyo ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ambayo leo huitwa Myanmar. Huko ndiko vijana wa Afrika ya Mashariki walikopigana na Wajapani mwaka 1944. Na upande wa pili, jirani na Pumwani, uko mtaa wa Kariokor, ambao jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, vya 1914 hadi 1918.

Buruburu yenyewe ilijengwa katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, wakati mizinga ilipokuwa imekwisha nyamaza zamani. Kwa hiyo si ajabu vijana wakiuliza: Je, kijana wa Machakos, au wa Nyeri, au wa Kisumu, alikuwa na ugomvi gani na Mjapani hata akaenda kufa katika misitu ya Burma? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Hakuwa na ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi ule ulitengenezwa na watu wachache waliokwisha kuwafunga midomo raia wao wenyewe, wakapata nafasi ya kufanya watakalo. Na wale waliokuwa na nguvu za kuwazuia mapema walitazama tu. Yafaa basi kueleza jinsi mambo hayo yalivyotokea, hatua kwa hatua.

DIKTETA NI MTU GANI?

Neno dikteta ni geni, lakini jambo lenyewe si geni. Si kila mtawala mkali ni dikteta. Hakimu aweza kuwa mkali, na chifu aweza kuwa mkali, lakini yuko mtu wa kumwuliza, na iko sheria inayomfunga yeye kama inavyowafunga wengine. Dikteta ni mtawala asiyeulizwa. Bunge likiwapo, kazi yake ni kupiga makofi. Gazeti likiwapo, huandika aliyoyasema yeye. Mahakimu wakiwapo, humwogopa. Wala hawezi kuondolewa kwa kura, kwa sababu kura zenyewe amezishika mkononi.

Tena ifahamike kwamba dikteta haingii kila mara kwa kuvunja mlango. Mara nyingi hufunguliwa na wenye nyumba, watu waliochoka kwa njaa, kwa kukosa kazi na kwa fujo za vyama, ambao wamekwisha kuanza kusema, "Na aje mtu mmoja mwenye nguvu atutengenezee mambo."

ITALIA, UJERUMANI NA JAPANI

Vita vya kwanza vilipokwisha mwaka 1918, Italia ilikuwa upande wa washindi, lakini haikuona faida ya ushindi. Askari walirudi makwao wakakosa kazi, bei za vitu zikapanda, na migomo ikawa mingi. Ndipo Benito Mussolini, aliyekuwa mwandishi wa magazeti, alipokusanya vijana wenye mashati meusi, ambao kazi yao ilikuwa kuwapiga wapinzani kwa marungu. Watu wengi wenye mali walimwona kuwa ni afadhali, wakidhani ataleta utulivu. Mwezi wa Oktoba, 1922, Mfalme wa Italia akamfanya Waziri Mkuu. Mwaka 1924 mjumbe mmoja wa Bunge, Giacomo Matteotti, alisimama akaeleza waziwazi jinsi uchaguzi ulivyofanywa kwa vitisho. Siku chache baadaye alikamatwa njiani, akauawa. Watu walighadhibika, lakini ghadhabu yao haikuzaa kitu, na ilipofika mwisho wa mwaka 1926 vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku.

Katika Ujerumani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nchi hiyo ilishindwa vitani, na kwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ilitakiwa kulipa fidia kubwa mno. Mwaka 1923 fedha yake ilianguka hata ikawa karibu haina thamani. Kisha, tangu 1929, biashara ya dunia nzima ilizorota, na kufika mwanzo wa mwaka 1933 Wajerumani wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi. Adolf Hitler aliwaambia kwamba makosa yote ni ya Wayahudi na ya wageni, na kwamba yeye peke yake aweza kuwaokoa. Tarehe 30 Januari, 1933, alipewa cheo cha Kansela, wala si kwa mapinduzi, bali kwa kufuata sheria. Haikupita miezi miwili, tarehe 23 Machi, Bunge likapitisha sheria ya kuipa serikali yake uwezo wa kutunga sheria bila ya Bunge. Ndivyo Bunge lilivyojichimbia kaburi. Mwezi huo huo kambi ya kuwafungia wapinzani ilifunguliwa Dachau, na kabla ya mwaka kwisha kilibaki chama kimoja tu.

Japani haikuwa na mtu mmoja wa namna hiyo, lakini huko wakuu wa majeshi walizidi kuwashika wanasiasa shingoni. Mwaka 1932 maofisa vijana walimwua Waziri Mkuu, Inukai Tsuyoshi, nyumbani kwake. Tangu siku hiyo waziri aliyetaka kuwapinga wenye bunduki alijua hatari iliyomngoja.

Kwa nini watawala wa namna hii hupenda vita? Sababu ziko tatu. Kwanza, huwa wameahidi mambo makubwa wasiyoweza kuyatimiza, na mtu aliyekosa kutoa mkate hutoa bendera na ngoma. Pili, utawala wao husimama kwa hofu, na hofu yahitaji adui, akikosekana wa ndani hutafutwa wa nje. Tatu, na hii ndiyo kubwa, hakuna mtu karibu nao athubutuye kusema, "Bwana, hapa umekosea." Gari lisilo na breki laweza kwenda vizuri penye tambarare, lakini mteremkoni huwaua waliomo na walio njiani.

UFA WA KWANZA

Baada ya vita vya kwanza mataifa mengi yalikuwa yameunda Shirika la Mataifa, lenye makao yake Geneva. Ahadi yake ilikuwa kwamba mmoja wao akishambuliwa, wengine wote watamsaidia. Mwaka 1931 Japani iliivamia Manchuria, jimbo la China. Shirika likalaumu kwa maneno, Japani ikatoka katika Shirika mwaka 1933, na jimbo likabaki mikononi mwake. Mussolini na Hitler waliona hayo, wakayaweka moyoni.

Kisha ikaja zamu ya jirani wa Kenya. Nchi ya Uhabeshi, yaani Ethiopia, ilikuwa mwanachama wa Shirika tangu 1923, na ilikuwa mojawapo ya nchi chache sana za Afrika zilizojitawala. Waitaliani walikuwa na kinyongo nayo, kwa kuwa jeshi lao lilishindwa vibaya na Wahabeshi huko Adwa mwaka 1896. Tarehe 3 Oktoba, 1935, Mussolini alipeleka majeshi yake kuivamia kutoka Eritrea na Somalia. Walikuja na vifaru na ndege, wakamwaga hewa ya sumu juu ya watu ambao wengi wao walikuwa hata viatu hawana, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi mkataba wa 1925 wa kukataza silaha hiyo.

Safari hii Shirika lilitenda jambo, lakini nusu nusu. Italia ilitangazwa kuwa ndiyo mkosaji, na nchi nyingi zikakubali kuinyima baadhi ya biashara. Lakini mafuta hayakukatazwa, na bila mafuta vifaru na ndege za Mussolini zisingekwenda popote. Wala Mfereji wa Suez haukufungwa, na meli zake za askari ziliendelea kupita humo na kulipa ushuru. Uingereza na Ufaransa zilihofu kwamba zikimwudhi sana atajiunga na Hitler. Mwezi wa Desemba, 1935, mawaziri wao wa mambo ya nje walifanya shauri la siri la kumkatia Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia ili anyamaze. Shauri hilo lilifichuka, na kelele za watu zikalizuia.

Waafrika walielewa mapema maana ya jambo hili. Huko London Jomo Kenyatta alikuwa katibu wa chama kilichoundwa mwaka 1935 kuitetea Ethiopia, naye aliandika kupinga uvamizi huo. Lakini sauti zao hazikuwa na nguvu mbele ya wenye kufanya mashauri.

Tarehe 5 Mei, 1936, Waitaliani waliingia Addis Ababa. Tarehe 30 Juni Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Shirika huko Geneva, akaeleza jinsi watu wake walivyonyunyiziwa sumu, akaonya kwamba jambo lililo mbele ya wajumbe si la Ethiopia tu, bali ni la usalama wa kila taifa dogo. Waandishi wa magazeti wa Kiitaliani walimpigia miluzi. Mwezi uliofuata vikwazo vya biashara viliondolewa. Wakati huo maelfu ya Wahabeshi walikuwa wakikimbilia nchi jirani, na mwaka 1937 kambi ya wakimbizi wao ilikuwa Isiolo, katika Kenya.

MOTO UNAENEA

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hofu ya Uingereza na Ufaransa haikuzuia chochote. Mussolini, ambaye hawakutaka kumwudhi, alijiunga na Hitler hata hivyo, mwaka huo huo wa 1936. Naye Hitler, mataifa yalipokuwa yameshughulika na Ethiopia, alipeleka askari wake tarehe 7 Machi, 1936, katika jimbo la mto Rhine, ambako mkataba ulikataza. Hakuna aliyemzuia. Tangu hapo alikwenda hatua kwa hatua. Mwezi wa Machi, 1938, aliinyakua Austria. Septemba mwaka huo, katika mkutano wa München, Uingereza na Ufaransa zilimpa sehemu ya Czechoslovakia, na wenye nchi hawakuitwa hata kuulizwa. Aliahidi kwamba hatadai tena. Machi, 1939, akaichukua Prague.

Mwezi wa Agosti, 1939, Hitler alipatana na Stalin, dikteta wa Urusi, kwamba wasipigane, na kwa siri wakaigawana Poland. Tarehe 1 Septemba majeshi ya Ujerumani yakaingia Poland. Siku mbili baadaye Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita. Kwa neno la Serikali ya Uingereza, Kenya nayo ikawa vitani, na hakuna Mwafrika wa Kenya aliyeulizwa shauri.

VITA VYAFIKA KENYA

Mussolini alitangaza vita tarehe 10 Juni, 1940. Ndipo ilipoonekana maana ya kumwachia Ethiopia. Kama nchi ile ingalibaki huru, mpaka wa kaskazini wa Kenya ungalikuwa na jirani mwema. Sasa ulikuwa na jeshi la adui. Ndege za Kiitaliani zilipiga Wajir kwa mabomu mwezi huo huo, Moyale ikatekwa Julai, na Malindi nayo ikaangushiwa mabomu mwezi wa Oktoba.

Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi yaliyokusanyika Kenya yakasonga mbele. Walikuwamo askari wa King's African Rifles, ambao lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili, pamoja na Waafrika wa Nigeria na Gold Coast, na askari wa Afrika ya Kusini. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Tarehe 5 Mei, 1941, miaka mitano kamili tangu mji wake kutekwa, Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa. Maelfu ya Waitaliani waliletwa Kenya wakiwa wafungwa, na baadhi yao ndio waliotengeneza barabara ya kuteremka Bonde la Ufa, pale lilipo kanisa lao dogo karibu na Mai Mahiu. Jemadari wao mkuu, Duke wa Aosta, alifia Nairobi mwezi wa Machi, 1942, akiwa mfungwa, akazikwa Nyeri.

Lakini vita havikuishia hapo. Japani ilipoingia vitani Desemba, 1941, na kuziteka Singapore na Burma, askari wa Afrika ya Mashariki walipelekwa Ceylon, na Madagaska, na mwisho Burma. Tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Miezi michache baadaye Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka katika bonde la Kabaw wakati wa masika, penye matope na malaria, ikapigana mpaka ikafika Kalewa mwezi wa Desemba.

Kutoka Kenya peke yake karibu watu 98,000 waliingia jeshini. Na waliobaki nyumbani hawakupona na adha. Tangu 1942 Serikali ililazimisha watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na miaka ya 1942 na 1943 ilikuwa ya njaa. Ulimwenguni kote vita viliua watu zaidi ya milioni 50, na kati yao Wayahudi milioni 6 waliouawa na serikali ya Hitler kwa sababu tu ya kuzaliwa kwao. Mussolini aliuawa na wananchi wenzake tarehe 28 Aprili, 1945. Siku mbili baadaye Hitler alijiua. Walioanza hawakuuona mwisho, na waliolipa hawakuwa walioanza.

WALIORUDI NYUMBANI

Askari walikuwa wameambiwa kwamba wanapigania uhuru na haki. Waliporudi waliona kwamba mashamba yalitengwa kwa ajili ya askari wa Kizungu, nao walirudishiwa kipande na ubaguzi ule ule. Katika Baraza la Kutunga Sheria Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, alikuwa ameingia mwaka 1944 tu, tena kwa kuteuliwa. Baadhi ya waliorudi hawakukubali. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, alikuja kujulikana kama Jenerali China, na Bildad Kaggia, aliyekuwa askari pia, akawa mmoja wa viongozi wa kupigania uhuru. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba, 1952, na tarehe 24 Aprili, 1954, majeshi yaliizunguka Nairobi, mitaa ya Eastlands ikasakwa nyumba kwa nyumba, na maelfu wakapelekwa vizuizini bila ya hukumu ya mahakama. Basi iko haja ya kusema kweli: utawala uliokwenda kumpiga dikteta ng'ambo haukuwauliza watu wake wa Kenya neno lolote nyumbani. Na utawala usiowauliza watu, hata uwe na jina gani, hupanda mbegu za vita.

Kenya huru nayo haikukingika kwa uhuru wake tu. Mwaka 1982 sheria iliruhusu chama kimoja tu, na haikuondolewa mpaka Desemba, 1991. Na katika Uganda, Idi Amin aliyetwaa nchi kwa bunduki mwaka 1971 aliwaua raia wake kwa maelfu, na majirani wengi wakasema hayo ni mambo ya ndani ya Uganda. Mwaka 1978 jeshi lake lilivuka mpaka likaivamia Kagera, katika Tanzania, na vita vikaendelea hata Kampala ikatwaliwa Aprili, 1979, na yeye akakimbia. Njia ni ile ile: kwanza midomo ya raia, kisha mpaka wa jirani.

YAPASAYO KUKUMBUKWA

Kutokana na habari hizi yako mambo matatu ya kushikwa na kila raia, awe mwenye duka, mwalimu, fundi au mwanafunzi.

La kwanza, dikteta hutambulika angali mdogo. Mtu atakaye cheo akianza kusema kwamba jamaa fulani ndio asili ya taabu zote, akiwatumia vijana kupiga watu mikutanoni, na akilalamika kwamba mahakama na magazeti yanamsumbua, asingojewe akue. Walioona vijana wa mashati meusi wakipiga wengine na kusema, "Haituhusu," walikuja kupigwa zamu yao ilipofika.

La pili, njaa na ukosefu wa kazi si mambo ya tumbo tu. Ni mlango. Nchi iliyojaa vijana wasio na kazi wala tumaini humpa mwongo mmoja mahali pa kusimama. Atafutaye amani basi na atafute pia jinsi vijana watakavyopata kazi halali.

La tatu, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa Ethiopia mataifa yalidhani yanaokoa amani kwa kumtoa mmoja. Baada ya miaka minne hawakuwa na amani, na yule mmoja walikuwa wamekwisha mtoa. Ndiyo sababu mataifa yalipokutana San Francisco mwaka 1945 yaliunda Umoja wa Mataifa, na moja ya makao yake makubwa iko Nairobi, huko Gigiri. Lakini Umoja huo nao una nguvu zile tu ambazo wanachama wake wako tayari kuzitumia, kama vile Shirika la zamani.

Wale waliokufa Kalewa, na waliozama karibu na Maldives, na waliolala katika makaburi ya vita ya Ngong Road, hawakupewa nafasi ya kuchagua. Watu wa leo wanayo. Mwenye kura na aipige bila kuinunuliwa, mwenye swali na amwulize kiongozi wake mbele ya watu, na mwenye babu aliyekuwa askari na aandike yale aliyosimuliwa kabla hayajasahauliwa. Gharama ya kumwuliza mtawala leo ni ndogo. Gharama ya kumnyamazia hulipwa na watoto, tena katika nchi wasizozijua.